Gurudumu Kiganjani: Historia ya Mashindano ya Televisheni Katika Vifaa vya Michezo vya Mkononi

Mashindano ya televisheni, yaani vipindi ambamo watu wa kawaida hujibu maswali, hufumbua mafumbo au hukisia bei mbele ya kamera ili wajipatie fedha na zawadi, yalikuwa biashara kubwa nchini Marekani kuanzia miaka ya 1950, na tangu siku za mwanzo yalimtegemea mtazamaji wa aina ya pekee, yule aliyeketi nyumbani akitaja jibu kwa sauti kabla mshiriki wa studioni hajafungua kinywa. Kampuni za vitu vya kuchezea zilimtambua mtazamaji huyo mapema, na kipindi cha Jeopardy! kilipoanza kurushwa na NBC mwaka 1964, Milton Bradley haikuchelewa kutoa toleo lake la kuchezwa mezani. Toleo la namna hiyo lilikuwa na udhaifu ambao haukuepukika: mmoja wa wachezaji alilazimika kuwa mwendeshaji, ashike majibu na kuamua nani amepata, hivyo yeye mwenyewe hakuweza kushindana, na aliyekuwa peke yake nyumbani hakuwa na la kufanya. Kifaa cha elektroniki kilipokuja kuchukua nafasi ya mwendeshaji, udhaifu huo ulitoweka, lakini mahali pake pakazuka tatizo jingine, la hazina ya maswali, na ni tatizo hilo, kuliko picha, sauti au jina la mtangazaji, lililoamua ni vipindi gani vingeweza kuhamia katika kifaa cha mkononi na ni vipi vingeshindwa.

Vipindi viwili vilivyotawala historia hii vilitoka kwa mtu mmoja, Merv Griffin, mwimbaji na mtangazaji aliyegeuka mzalishaji. Katika Jeopardy! utaratibu wa kawaida umepinduliwa: mwendeshaji husoma jibu, na mshiriki hutakiwa kutaja swali linalolingana nalo. Wheel of Fortune, kilichoanza Januari 1975, ni fumbo la herufi, ambamo washiriki huzungusha gurudumu kubwa lenye viwango vya fedha, hutaja konsonanti, hununua irabu, na hatimaye hujaribu kuusoma msemo uliofichwa ubaoni. Vyote viwili vilipata uhai mpya vilipoanza kuuzwa kwa vituo mbalimbali vya televisheni ili virushwe saa za jioni, Wheel of Fortune mwaka 1983 kikiwa na mtangazaji Pat Sajak na mgeuza herufi Vanna White, na Jeopardy! mwaka 1984 kikiwa na mtangazaji Alex Trebek. Mwaka 1986 Griffin aliiuza kampuni yake kwa Coca-Cola kwa dola milioni 250, na haki za vipindi hivyo zikapita katika Columbia Pictures hadi zikaangukia mikononi mwa Sony mwaka 1989, jambo ambalo baadaye lilizaa hali ya ajabu kidogo.

Kwa upande wa vifaa, Mattel ilikuwa imetoa mchezo wake wa mkononi wa Auto Race mwaka 1976, Milton Bradley ikafuata mwaka 1979 na Microvision, kifaa cha kwanza cha mkononi kilichoweza kubadilishiwa katriji, yaani kipande cha plastiki kinachobeba kumbukumbu ya mchezo, na Nintendo ikaanza kuuza Game & Watch mwaka 1980. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofaa kubeba shindano la maneno. Skrini ya Microvision ilikuwa na nukta 16 kwa 16 tu, kiasi kisichotosha hata neno moja lenye urefu wa kawaida, na katika Game & Watch kila umbo lilikuwa limekwisha kuchorwa ndani ya kioo kiwandani, likisubiri umeme uliwashe au uliache, kwa hiyo kifaa kiliweza kuonyesha tu kile ambacho mchoraji alikuwa amekiwaza tangu mwanzo. Mbinu hiyo hutosha kwa mtu anayerusha mipira au kukwepa nyundo, lakini haifai kwa mchezo ambao mambo yake yote ni sentensi. Kampuni ya Tiger Electronics ya jimbo la Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupata umaarufu kwa michezo ya bei nafuu ya aina hiyo, ilipata njia ya kati mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipotengeneza vifaa vya mkononi vya Wheel of Fortune na Jeopardy! vilivyokuwa na sehemu ya skrini ya kuandikia herufi na visivyofanya kazi nyingine yoyote.

Game Boy ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani Aprili 1989 na Marekani miezi michache baadaye, ilibadilisha hali. Gunpei Yokoi wa Nintendo na wenzake waliiunda kwa makusudi kutokana na vipuri vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka viwandani: skrini ya nukta 160 kwa 144 isiyo na taa wala rangi, yenye viwango vinne tu vya weusi na weupe, na betri nne ndogo zilizodumu kwa saa nyingi kuliko washindani wake. Kwa shindano la maneno, ukosefu wa rangi haukuwa hasara kubwa. Lililokuwa na maana ni kwamba kila nukta iliweza kuwashwa peke yake, na kwamba mashine iligawa skrini katika miraba ya nukta 8 kwa 8, ambayo kila mmoja ulitosha herufi moja, hivyo kwa mara ya kwanza mchezaji alishika mkononi ukurasa wenye safu 20 na mistari 18 ya maandishi.

Mchapishaji aliyeitumia nafasi hiyo kwanza alikuwa GameTek wa Florida, kampuni iliyokuwa imejikita katika kununua leseni za mashindano ya televisheni. Kwa mashine ya nyumbani ya Nintendo, ile ya kuunganishwa na televisheni, GameTek ilikwisha kutoa Wheel of Fortune na Jeopardy!, zote zikiwa zimetengenezwa na kampuni ya Kiingereza ya Rare, na Wheel of Fortune ya Game Boy ikafuata mwaka 1990, kisha Jeopardy! mwaka 1991. Mfuatano huu, gurudumu kwanza na maswali baadaye, unaweza kuonekana kuwa ni suala la umaarufu wa vipindi peke yake, lakini hesabu ya kumbukumbu inaonyesha sababu nyingine iliyokuwa na uzito wake.

Kumbukumbu ya katriji hupimwa kwa baiti, na kwa uandishi wa kawaida baiti moja hutosha herufi moja. Katriji nyingi za miaka ya mwanzo ya Game Boy zilikuwa na kati ya kilobaiti 32 na 128. Mchezo wa Tetris, uliouzwa pamoja na kifaa hicho huko Marekani, ulienea katika kilobaiti 32. Kipindi kimoja cha Jeopardy! kina nafasi ya vidokezo 61, yaani 30 katika raundi ya kwanza, 30 katika ya pili na kimoja cha mwisho. Ikichukuliwa kwamba kidokezo kina herufi 90 hivi na jibu lake herufi 15, kilobaiti 64 zinazotumiwa kwa maandishi peke yake, bila picha, muziki wala programu yenyewe, zingebeba vidokezo visivyozidi 625, ambavyo ni sawa na vipindi kumi vya televisheni. Msimu mmoja wa Jeopardy! una vipindi 230, na nafasi zaidi ya 14,000 za vidokezo. Kuviandika vyote kwa njia ya kawaida kungehitaji takriban baiti milioni moja na nusu, kiasi ambacho mchapishaji wa mwaka 1991 asingekiweka katika katriji ya kuuzwa kwa watoto. Fumbo la Wheel of Fortune, kwa upande mwingine, ni msemo wa herufi 25 hivi na jina la kundi lake, kwa hiyo kilobaiti zilezile 64 zingebeba mafumbo 2,500, yaani vipindi 500 kwa makadirio ya mafumbo matano kwa kila kipindi. Zaidi ya hayo, kidokezo cha Jeopardy! humalizika kwa sekunde chache, ilhali fumbo moja la gurudumu huweza kuchukua dakika kadhaa. Kila baiti ya fumbo ilinunua muda mwingi zaidi wa kucheza.

Waandishi wa programu walikuwa na mbinu za kupunguza pengo hilo. Kwa kuwa alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, kila moja yaweza kuwakilishwa kwa biti 5, ambazo hutoa alama 32 tofauti, badala ya biti 8 za baiti nzima, na maneno yanayojirudia mara nyingi yaweza kuandikwa mara moja na kuitwa kwa namba. Hata hivyo hakuna mbinu iliyoweza kuzuia lililokuwa haliepukiki, kwamba swali la televisheni huulizwa mara moja na kusahauliwa, ilhali swali la katriji hurudi, na mchezaji aliyekiweka kifaa mfukoni kwa miezi kadhaa huanza kukumbuka majibu badala ya kuyajua. Hapo shindano la maarifa hugeuka shindano la kumbukumbu, na mtu asiyejua lolote kuhusu wafalme wa Ulaya huweza kuwataja kwa mpangilio kwa sababu tu amekwisha kukutana nao mara nne.

Skrini nayo iliupendelea mchezo wa gurudumu. Ubao wa Wheel of Fortune katika miaka hiyo ulikuwa na nafasi 48 za herufi katika mistari minne, wa kwanza na wa mwisho ikiwa na nafasi 11 na ile miwili ya kati 13, kiasi kilichoingia bila taabu katika safu 20 za Game Boy na kuacha ukingo wa kuchorea fremu. Ubao wa Jeopardy! una makundi sita kwa upana. Safu 20 zikigawanywa kwa sita, kila kundi hupata miraba mitatu tu, ambayo haitoshi alama ya dola na tarakimu tatu za kiwango cha chini kabisa cha wakati huo, dola 100, sembuse jina la kundi lenyewe. Kwa hiyo ubao ambao mtazamaji wa televisheni aliuona wote kwa mkupuo mmoja haungeweza kuhamishwa kama ulivyo, na majina ya makundi yalihitaji kutenganishwa na jedwali la fedha.

Uandishi wa majibu ulikuwa mgumu zaidi. Kifaa hakikuwa na kibodi, na katika matoleo ya GameTek mchezaji alitunga jibu herufi moja baada ya nyingine kwa kusogeza kishale juu ya alfabeti huku muda ukimwishia, hivyo aliyejua jibu angeweza kushindwa kwa sababu ya kidole kizito au tahajia mbaya. Katika studio mshiriki hasemi tahajia, hutamka tu. Mchezo wa gurudumu haukuwa na shida hiyo, maana kuchagua herufi moja moja ndiyo kanuni yake tangu asili.

Gurudumu lenyewe lilileta swali la bahati. Kompyuta haina bahati. Hufuata hesabu, na kinachoitwa nambari nasibu ndani yake ni zao la kanuni ambayo, ikianzia mahali palepale, hutoa mfuatano uleule. Hatari ya jambo hili ilikuwa imekwisha kudhihirika katika televisheni yenyewe mwaka 1984, katika kipindi cha CBS kilichoitwa Press Your Luck, ambamo taa iliruka kwenye ubao wa zawadi hadi mshiriki alipobonyeza kitufe. Michael Larson wa Ohio, aliyekuwa akiuza aiskrimu kwa gari, alirekodi vipindi nyumbani, akavitazama mara nyingi, na kugundua kwamba taa ilifuata mifuatano mitano tu. Alipofika studioni alibonyeza kwa wakati aliotaka, zamu baada ya zamu, na kuondoka na dola 110,237. CBS ilimlipa, kwa kuwa hakuwa amevunja kanuni yoyote, kisha ubao ukapangwa upya. Katika Game Boy watengenezaji walikuwa na kinga rahisi: ndani ya mashine kuna kihesabio kinachopanda zaidi ya mara 16,000 kwa sekunde, na programu huweza kusoma thamani yake katika nukta ileile mchezaji anapobonyeza kitufe, hivyo kuchelewa kwa kidole, ambako hakuna binadamu awezaye kukurudia kwa usahihi huo, ndiko kunakokuwa chanzo cha bahati. Tatizo lililobaki lilikuwa la macho: skrini ile ilikuwa nzito kubadilika na iliacha kivuli nyuma ya kila kitu kilichosogea, kwa hiyo gurudumu lililozungushwa kwa kasi lilionekana zaidi kama ukungu wenye namba.

Wapinzani walioendeshwa na kompyuta wanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko walivyowahi kuangaliwa. Baada ya kashfa za mwaka 1958 na 1959, ilipofichuka kwamba washiriki wa kipindi cha Twenty-One, akiwemo mwalimu wa chuo kikuu Charles Van Doren, walipewa majibu mapema, bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya mawasiliano mwaka 1960 na kufanya kosa la jinai kuchakachua shindano la maarifa kwa siri. Katika kifaa cha mkononi hakuna mpinzani asiyepewa majibu. Programu inayajua yote, na kinachoitwa ujinga wa mpinzani ni kiwango cha uwezekano ambacho mwandishi wa programu amekipanga, kwamba katika swali gumu akosee mara kadha wa kadha ili mwenye kifaa asikate tamaa. Ni udanganyifu wa kiungwana, na bila huo mchezo wa mtu mmoja usingekuwapo.

Sura za watangazaji zilikuwa jambo la mikataba. Leseni ya jina la kipindi haikumaanisha leseni ya uso wa anayekiendesha, na ndiyo maana toleo la Wheel of Fortune la mwaka 1992 kwa mashine ya nyumbani ya Nintendo lilitangaza kwa fahari kwenye jalada lake kwamba linaye Vanna White. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimruhusu White kuendelea na kesi dhidi ya Samsung, iliyokuwa imetumia katika tangazo la biashara roboti yenye nywele bandia ikigeuza herufi ubaoni, na baadaye baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 403,000. Kwa mtengenezaji wa mchezo, funzo la kesi hiyo lilikuwa la gharama: hata umbo la nukta chache lisilotajwa jina, likisimama mahali fulani pembeni mwa ubao fulani, lingeweza kudaiwa.

Vipindi vyenyewe havikusimama. Katika raundi ya mwisho ya Wheel of Fortune washiriki walikuwa wakichagua konsonanti tano na irabu moja, na kwa kuwa karibu kila mmoja alichagua R, S, T, L, N na E, kuanzia Oktoba 1988 herufi hizo zilitolewa bure na mshiriki akaruhusiwa kuongeza konsonanti tatu na irabu moja. Katriji iliyotangulia badiliko hilo ilibaki na kanuni ya zamani milele. Hali hiyo ilisaidia biashara kwa njia ambayo haikutangazwa: kila badiliko la kanuni, na kila hazina ya maswali iliyochakaa, lilikuwa sababu ya kuuza toleo jingine. Jeopardy! ilipata toleo la michezo, na mwaka 1996 Game Boy ikapokea mengine mawili, la mashindano ya vijana na lile lililoitwa Platinum. Kufikia wakati huo Sony, mwenye vipindi hivyo, ilikuwa inashindana na Nintendo kwa PlayStation yake, lakini leseni ziliendelea kuingiza fedha kupitia mashine ya mpinzani. Hata hivyo GameTek haikudumu kufaidi. Iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1997, na mali zake zikaishia kwa Take-Two Interactive.

Tiger ilikuwa imechagua njia tofauti, na kwa maoni ya wengi waliovitumia vifaa vyake, njia ya busara zaidi. Kifaa chake hakikujifanya kuwa kompyuta. Kilikuwa Wheel of Fortune tu, au Jeopardy! tu, chenye vitufe vilivyopangwa kwa kazi hiyo na katriji ndogo za nyongeza zilizobeba maneno bila programu wala michoro. Aliyemaliza mafumbo yake alinunua mapya kwa bei ya chini kuliko mchezo mzima. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilijaribu kupanda daraja kwa game.com, kifaa chenye skrini ya kugusa na kalamu yake, ambacho kilipewa matoleo ya vipindi vyote viwili na ambacho, angalau kwa nadharia, kilifaa sana kwa herufi. Skrini yake ilikuwa hafifu, hakikuuzika, na kufikia mwaka 2000 kilikuwa kimekomeshwa. Hasbro ilikwisha kuinunua Tiger mwaka 1998.

Mwaka huohuo wa 1998, Septemba, kituo cha ITV cha Uingereza kilianza kurusha Who Wants to Be a Millionaire?, ambacho ABC ilikihamishia Marekani mwaka uliofuata. Kwa kifaa cha mkononi, huyu alikuwa mgeni asiyesumbua mwenyeji: maswali 15, majibu manne ya kuchagua, mshiriki mmoja, na hakuna tahajia. Kampuni ya THQ ilitoa toleo la Game Boy Color mwaka 2000. Kilichohitaji ubunifu ni misaada mitatu ya mshiriki, hasa ule wa kuuliza ukumbi, kwa sababu hapakuwa na ukumbi. Asilimia zilizoonyeshwa skrini zilikuwa zimebuniwa, na mwandishi alilazimika kuamua umati wa kufikirika ukosee mara ngapi katika maswali magumu.

Nintendo DS, yenye skrini mbili na moja ikiwa ya kugusa, ilipokea vipindi vingi kuanzia mwaka 2007, na vingi havihitaji kujadiliwa kwa kirefu. Deal or No Deal hakina maswali hata kidogo, ni mikoba 26 na ofa za benki, na fedha halisi zikiondolewa hubaki zoezi la uwezekano. The Price Is Right, iliyotolewa mwaka 2008, iliingia katika mtego wa wazi: bei za bidhaa zilizogandishwa katika katriji huanza kuwa za uongo kabla mchezo haujafika dukani. Wheel of Fortune na Jeopardy! zilirudi mwaka 2010 kupitia THQ, kampuni ambayo nayo ilifilisika miaka miwili baadaye.

Wakati huo duka la programu za simu la Apple, lililofunguliwa Julai 2008, lilikuwa limekwisha kuondoa kizuizi kilichotawala miaka ishirini. Simu iliyounganishwa na intaneti haihitaji hazina ya maswali ndani yake. Hupokea mafumbo mapya kila siku, na seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia wachezaji wote, yaweza kuhakikisha kwamba mtu hakutani na swali lilelile mara mbili. Agosti 2017 programu ya HQ Trivia ilikwenda mbele zaidi: kwa saa iliyotangazwa, mtangazaji halisi alitokea moja kwa moja katika simu, akauliza maswali 12 ya kuchagua, na waliopata yote wakagawana fedha taslimu. Machi 2018 zaidi ya watu milioni 2 walicheza kwa wakati mmoja. Walioshindwa swali la pili waliweza kuendelea kutazama hadi mwisho, wakiyataja majibu kwa sauti.